Kishikio cha Kushoto

Spana hakusimama Inspekta alipoingia chumba cha mahojiano. Alikuwa ameketi kwenye benchi, miguu ameinyoosha, pingu mapajani, na kwenye kucha zake bado kulikuwa na grisi ya siku tisa zilizopita.

"Leo umeniletea karatasi ya kukiri, au umekuja kunitazama tu?"

"Nimekuja na swali."

"Maswali nimeshajibu. Mkuu wako aliniuliza mpaka sauti ikamkauka."

"Langu hakuliuliza."

Inspekta alivuta kiti, akaketi, akafungua daftari. Alikuwa mwanamke wa makamo, si mtu wa kupaza sauti, na alikuwa na tabia iliyowakera wenzake ofisini: hakuandika kitu mpaka amekisikia mara mbili.

Habari yenyewe ilikuwa fupi. Ijumaa ya tarehe kumi na tano, ndege ndogo ya kampuni moja ya kubeba vifurushi ilikuwa inarudi kutua, injini ikazima ghafla ikiwa imeshashuka chini, nayo ikaanguka kwenye nyasi hatua mia mbili kabla ya kuufikia uwanja. Rubani alikuwa peke yake. Alikufa pale pale. Kesho yake polisi walimkamata fundi wa mitambo, huyu huyu Spana, kwa sababu tatu. Yeye ndiye aliyeigusa ndege hiyo mwisho. Nati inayofunga waya wa mafuta kwenye injini ilikutwa haipo. Na watu watatu walimsikia asubuhi ile ile akimwambia marehemu kwamba ndege hiyo itamzika. Shtaka lilikuwa la mauaji. Faili lilitakiwa kwa mwendesha mashtaka saa kumi jioni, na kilichobaki ni sahihi ya Inspekta. Sasa ilikuwa saa tatu na nusu asubuhi.

"Ulimwambia marehemu, 'Ndege hii itakuzika,'" alisema Inspekta. "Baada ya hapo ulisema nini?"

Spana alicheka, cheko la puani. "Siku tisa! Siku tisa ndiyo mnakumbuka kwamba sentensi ina mwisho?"

"Niambie mwisho wake."

"Nilisema, 'Itakuzika, kwa sababu mkono wako bado uko kwenye ndege ya zamani.' Akanitukana. Nami nikamtukana. Andika na hilo, maana matusi yangu mmeyaandika yote, yake hamna."

Inspekta hakuandika. Alitoa mfuko wa nailoni mkobani, ndani yake kipande cha chuma chembamba chenye kirungu cheusi mwisho wake, kilichotolewa kwenye mabaki. Chuma kilikuwa kimepinda kama kiwiko.

"Kishikio cha mafuta," alisema. "Kikiwa ndani, mafuta yanapita. Kikivutwa nje, injini inakosa mafuta na kuzima. Ni kweli?"

"Hata mtoto wangu wa chekechea anajua."

"Hapa kilipopinda. Kikiwa kimesukumwa ndani, sehemu hii huonekana?"

Spana aliinama kutazama, na kwa mara ya kwanza uso wake ukalegea kidogo. "Haionekani. Inakuwa imejificha nyuma ya dashibodi."

"Kwa hiyo ndege ilipogonga ardhi, kilikuwa nje."

"Nje kabisa."

"Na nati?"

"Afande, ndege imejikunja kama kopo la maziwa, halafu mnashangaa nati moja imepotea. Haya, tuseme niliilegeza mimi. Waya ungechomoka kule kwenye injini. Kishikio je? Kingejivuta chenyewe huku, kwa uchungu?"

"Basi kilivutwa na mtu."

"Mle ndani alikuwamo mtu mmoja," alisema Spana, akaegemea ukuta. "Lakini usiniamini mimi. Mimi ni muuaji. Nenda ukakae kwenye pacha ya ile ndege, kwa Kapteni. Kaa na ile ya zamani pia. Kisha urudi hapa unitazame machoni."

*

Kapteni alikuwa mkuu wa marubani wa kampuni hiyo. Alimpokea Inspekta mlangoni mwa banda la ndege kwa namna ya mtu anayempokea fundi wa vyoo.

"Tulishamaliza na wenzako, mama yangu. Mmepata mtu wenu. Mnataka nini tena, bawa?"

"Nataka kukaa ndani ya ndege. Mbili."

"Hizi si viti vya saluni."

"Nitavua viatu," alisema Inspekta, akapita.

Banda lilikuwa na ndege mbili. Kushoto ilisimama ile ya zamani, ambayo marehemu aliirusha kwa miaka kumi na mmoja. Kulia ilisimama ya kigeni, mojawapo ya mbili ambazo kampuni ilizinunua miezi miwili iliyopita zikiwa zimeshatumika. Mwenzake ndiyo iliyoanguka. Mafundi wawili walikuwa wakiipaka rangi mkiani, nao walijifanya hawasikii, brashi zao zikienda polepole kuliko inavyotakiwa.

Inspekta aliingia kwanza kwenye ya zamani. Alikaa kiti cha rubani, akaweka mkono wa kulia mbele yake. Dashibodini kulikuwa na vishikio vitatu vya kuvuta, vimejipanga. Akasoma maandishi chini yake, akachora kwenye daftari. Kushoto, hewa moto. Katikati, gesi, ya kuongeza na kupunguza nguvu ya injini. Kulia, mafuta, kirungu chekundu.

"Hewa moto ni ya nini?" aliuliza kupitia dirisha.

"Kabureta hushika barafu ukipunguza gesi," alijibu Kapteni kwa uvivu. "Kwa hiyo kabla ya kushuka kutua unavuta hewa moto, inaiyeyusha. Kila safari. Rubani hafikirii, mkono unakwenda wenyewe."

"Mkono unakwenda wenyewe," alirudia Inspekta, na hilo akaliandika.

Kisha akahamia kwenye ya kigeni. Harufu ya viti ilikuwa nyingine, kioo kilikuwa chini zaidi, breki ya kuegeshea ilikuwa mahali alipotegemea kukuta swichi za taa. Vishikio vitatu vilikuwapo. Gesi katikati, kama kule. Lakini kushoto kwake palikuwa na mafuta, na hewa moto ilikuwa kulia, chini kidogo, karibu na goti. Virungu vyote vilikuwa vyeusi, vya mviringo, ukubwa mmoja. Rangi nyekundu, kama iliwahi kuwapo, ilikuwa imeliwa na vidole vya watu wa nchi nyingine.

Alikaa humo, mkono ukienda kushoto na kurudi, kushoto na kurudi.

"Unasali?" aliuliza Kapteni.

"Ijumaa ilikuwa safari yake ya ngapi kwa ndege ya aina hii?"

"Ya pili. Alhamisi aliruka vizuri tu."

"Alhamisi alikuwa anatazama mikono yake. Ijumaa, trekta ya kukata nyasi iliingia uwanjani yeye akiwa anashuka. Dereva wake amekiri. Mtu akiona trekta mbele yake hatazami mikono tena."

Kapteni alivua miwani ya jua. "Nimeona unakokwenda. Geuza njia. Hapa kwangu hakuna rubani anayegusa ndege mpya kabla hajapita kitambaa." Akanyoosha kidole kwenye msumari ukutani, palipotundikwa kitambaa cheusi kizito. "Anakaa kitini, anafungwa macho, anaitiwa kitu kimoja kimoja, naye anakigusa. Akikosa anaanza upya. Saa tatu nzima. Mimi ndiye niliyeleta utaratibu huo hapa, miaka hiyo wewe bado unaongoza magari barabarani."

"Na marehemu alipita?"

"Jumanne, tarehe kumi na mbili. Fomu ipo, ina sahihi yangu na yake. Wenzako waliiona."

"Wewe mwenyewe ulipita nani akiwa msimamizi?"

"Mimi?" Kapteni aliwatazama mafundi, kana kwamba anawagawia mzaha. "Mimi ndiye kitambaa chenyewe!"

Mafundi wakacheka, kwa kuwa alikuwa bosi wao.

"Basi hutashindwa," alisema Inspekta, akateremka na kumpisha kiti.

Angeweza kukataa. Lakini kicheko kilikuwa bado hewani na mafundi walishaweka brashi chini. Kapteni alipanda, akajifunga kitambaa mwenyewe, akakivuta kwa nguvu ili kila mtu aone hakuna anachoona. Inspekta alisimama kwenye ngazi ya bawa, kichwa chake dirishani.

"Breki ya kuegeshea."

"Hii."

"Redio."

"Hii hapa."

"Gesi."

"Hii."

"Hewa moto."

Mkono ulisita, ukapapasa, ukashuka kulia. "Hii."

"Mafuta."

"Hiki. Umeridhika?"

"Umepata vyote. Sasa uko angani, unarudi. Niambie unachofanya."

Kapteni alipumua kwa kuchoka. "Naona uwanja. Napunguza gesi." Mkono ukavuta kishikio cha kati.

"Ile Jumanne ulianza naye saa ngapi?"

"Imeandikwa."

"Kumbuka."

"Saa tatu asubuhi, mpaka saa sita."

"Mlinzi wa lango akiulizwa kuhusu gari lako Jumanne asubuhi, atasema liliingia?"

"Mlinzi anajua nini, yeye kazi yake kulala!"

"Trekta mbele yako, Kapteni. Inavuka."

"Trekta gani? Unaniuliza habari za gari au za trekta?"

"Zote. Liliingia au halikuingia? Umeshuka sana. Trekta imesimama katikati ya uwanja!"

"Wee mwanamke, huwezi kunipigia kelele kwenye—"

"Unashuka! Hewa moto!"

Mkono ulikwenda. Haukupapasa safari hii. Ulikwenda kushoto kwa gesi moja kwa moja, ukashika, ukavuta mpaka mwisho.

Fundi mmoja alijishika mdomo kwa mkono wenye rangi, akabaki na ndevu nyeupe.

"Vua kitambaa," alisema Inspekta, sauti yake ikiwa imerudi chini.

Kapteni alivua. Alitazama mkono wake uliokuwa bado umeshikilia kishikio cha mafuta, akakiachia kama mtu aliyeshika pasi ya moto.

"Umenichanganya makusudi."

"Ndiyo."

"Huo si upelelezi, ni mchezo wa sokoni."

"Inawezekana. Lakini umekosea pale pale alipokosea yeye, kwa mkono ule ule. Na wewe umekaa chini, injini imezimwa."

Kapteni aliruka kutoka kwenye bawa, akamsogelea mpaka vifungo vya sare yake vikakaribia kugusa daftari. Hakupiga kelele tena. "Sikiliza vizuri. Fomu inasema nilimfundisha. Nikishamfundisha, kosa ni lake, mimi sihusiki. Nawe utakwenda kumwambia dada yake, pale ofisini, kwamba kaka yake alijiua kwa uzembe. Au utaliacha shauri kwa fundi aliyetishia kuua. Chagua moja. Na ndege yangu usiiguse tena bila hati."

"Fomu iko wapi?"

"Kwa huyo huyo dada yake. Ndiye karani. Nenda, atakupokea vizuri."

*

Karani alikuwa binti wa miaka thelathini hivi, gauni jeusi, macho yamevimba lakini makavu. Meza yake ilikuwa safi kuliko meza zote Inspekta alizowahi kuziona katika kazi hiyo. Hakumkaribisha kiti.

"Nimesikia kelele zako mpaka huku," alisema. "Umekuja kumsafisha muuaji."

"Nimekuja kuona fomu, dada."

"Mimi si dada yako. Kaka yangu amezikwa juzi juzi, wewe unacheza kombolela bandani." Alifungua kabati, akatoa karatasi, akaitupa mezani. "Hiyo hapo. Saa tatu za mafunzo. Kaka hakuwa mzembe. Alikuwa anapiga pasi hadi kamba za viatu."

Inspekta aliichukua kwa ncha za vidole, akaisoma kuanzia juu hadi chini, kisha kuanzia chini hadi juu. Tarehe kumi na mbili. Sahihi ya Kapteni. Sahihi ya marehemu. Kwenye kona, kwa wino mwekundu wa kiwanda, namba sitini na moja.

"Fomu hizi zinatoka kwenye kitabu?"

"Zinachanwa kwenye kitabu, ndiyo. Kwani karatasi inaota?"

"Naomba kitabu."

Karani hakujongea.

"Naweza kurudi na hati," alisema Inspekta. "Lakini nikirudi nayo, saa kumi itakuwa imepita."

Kitabu kilitoka droo ya chini. Inspekta alifunua vishina, vile vipande vinavyobaki kitabuni fomu ikichanwa, polepole, akilamba kidole. Kishina cha sitini kilikuwa cha rubani mwingine, mafunzo ya redio. Akakigeuza kumwelekea karani, akakiwekea kidole.

"Namba sitini imeandikwa Alhamisi, tarehe kumi na nne. Namba sitini na moja, inayofuata, imeandikwa Jumanne, tarehe kumi na mbili. Nisaidie, labda mimi sijui kuhesabu."

"Labda tarehe ilikosewa."

"Wewe huwa unakosea tarehe?"

Karani alitazama meza yake, kalamu zimepangwa kwa urefu.

Inspekta alitoa ule mfuko wa nailoni, akaweka kishikio kilichopinda kando ya kitabu. Kisha akamweleza: hewa moto kule, mafuta huku, trekta, mkono uliokwenda wenyewe. Alieleza kama anavyosoma ripoti, bila kupunguza wala kupamba. Alipofika pale mkono wa Kapteni ulipovuta kishikio kile kile, karani aliinua uso.

"Kapteni naye?"

"Mbele ya mafundi wawili."

"Na macho yamefungwa? Saa hii hii?"

"Dakika ishirini zilizopita. Mtu aliyepitishwa saa tatu za kitambaa, mkono wake hauendi hivyo. Nafikiri kaka yako hakupitishwa hata saa moja. Lakini ninachofikiri si ushahidi."

Karani aliinuka, akaenda dirishani, akarudi, akakaa. Aliposema, alisema kwa hasira, kila neno kama analisukuma mlangoni.

"Kapteni alikuja Jumamosi. Ajali Ijumaa, yeye Jumamosi asubuhi yuko hapa, amesimama hapo ulipo. Akaniambia fomu ya kaka yako imepotea. Bila fomu, watu wa usalama wa anga watasema aliruka ndege asiyoijua, jina lake litaburutwa. Mama atasikia hayo? Akaniambia, andika nyingine, tarehe ya Jumanne. Nikaandika. Sahihi ya kaka nimeijua tangu shule, alikuwa ananituma nimtilie kwenye barua za mwalimu. Nikaitia."

"Ile Jumanne yenyewe?"

"Kaka hakuja kazini. Alikuwa kwa mama, anaezeka jiko. Mabati nilimpasia mimi mwenyewe, kwa mikono hii."

"Ulijua fomu ni ya uongo, ukaacha fundi akamatwe."

"Nilijua fomu ni ya uongo! Kuhusu fundi, waliniambia nati, waliniambia ametishia. Niliamini. Nilitaka kuamini, basi, andika na hilo! Unafikiri ni rahisi, mtu wako afe halafu usiwe na wa kumchukia?"

Inspekta aliinua macho. Saa ya ukutani ilikuwa inaelekea saa sita. Kisha akachomoa karatasi tatu za maelezo, akazipanga mbele ya karani.

"Nikiandika, watu watasema kaka yangu alijiua kwa mkono wake."

"Watasema mkono wake ulifanya ulichozoea kwa miaka kumi na mmoja. Na kwamba kulikuwa na mtu ambaye kazi yake ni kuuzoesha upya, akaona haraka ya vifurushi ni kubwa zaidi."

"Na mimi? Nimeghushi sahihi ya marehemu. Nitafungwa?"

"Sijui. Ninachojua ni kwamba kuna mtu ameshafungwa."

Karani alimtazama kwa chuki isiyofichika, chuki ya mtu aliyenyang'anywa kitu alichokuwa amekishikilia. Kisha akachukua kalamu ya kwanza kwenye mstari, akaanza kuandika. Aliandika haraka, mistari imenyooka, bila kufuta.

"Huyo Spana," alisema bila kuinua kichwa. "Simpendi. Sikumpenda tangu zamani. Mwambie hivyo."

"Nitamwambia."

"Na sitamwomba msamaha."

"Hakuna aliyekuomba."

Mlango ulifunguliwa kwa kishindo. Kapteni alikuwa amesimama kizingitini, miwani imerudi usoni, nyuma yake banda lote jeupe kwa jua. Karatasi za mezani zikainuka pembe.

"Unaandika nini?" aliuliza. "Usimwandikie kitu huyo. Hujui hata anataka nini. Inuka hapo."

Karani aliweka kiganja juu ya karatasi kuzizuia.

"Funga mlango, Kapteni," alisema. "Upepo unanipeperushia maelezo."

Kapteni alibaki ameshika kitasa. Inspekta alikwisha kuinua simu ya mezani na alikuwa anamwambia mkuu wake, kwa sauti ile ile ya chini, kwamba faili la saa kumi halitakwenda, na kwamba mahabusu wa chumba namba mbili afunguliwe pingu kwanza, maelezo yanafuata. Karani aliandika mpaka mwisho wa ukurasa wa pili, akasoma yote tangu mwanzo, akatia sahihi. Safari hii ilikuwa ya kwake.